Ganda la Betri

Redio ilikata pumzi pale pale,
mtangazaji amefika "bei ya juu ya kilo mnadani leo ni shilingi…"
sauti ikazama kama jiwe kwenye togwa.
Baba akaipiga kofi. Akazitoa betri, akazing'ata kitako,
akazipanga juu ya bati, jua lizirudishie roho.
Kesho yake mtu wa kangomba alipita Mahuta na bakuli lake,
na baba, asiyejua bei, akapima.

Nilikuwa kidato cha pili. Niliiba betri moja,
nikaipasua kwa panga nyuma ya jiko.
Ndani unga mweusi, ule ule tuliousugulia ubao
kwa majani ya kisamvu kila Ijumaa.
Katikati kijiti cha kaboni, kizima kabisa.
Lakini ganda la zinki lililovizunguka vyote
lilikuwa limelika, limetoboka
kama jani alilopitia kiwavi.
Nani kalila?

Mwalimu Mkwinda hakujibu. Alisema,
"Maabara haina asidi tangu mwaka juzi. Leteni mabibo."

Msimu wa korosho mabibo hayana mwenyewe,
yamelala chini ya mikorosho, nzi wanayanywa hadi wanalewa.
Mama tu alinung'unika: alikuwa anahesabu uraka wake.
Nikabeba sita, mekundu, yenye maji yanayokwaruza koo
na kuacha doa linaloishi kuliko shati.
Kila bibo tukalichoma mara mbili:
kipande cha ganda la betri iliyokufa,
kipande cha waya wa shaba.
Visigusane, alisema. Vikigusana humo ndani, hakuna habari.

Shaba ina mkono wa birika. Zinki ina mkono wazi.
Chembe ya zinki ikitaka kuingia kwenye uchachu wa bibo
inavua elektroni mbili mlangoni, kama viatu,
na viatu haviogelei.
Basi vinapita nje, kwenye waya, vinaizunguka nyumba nzima
hadi upande wa shaba, ambako haidrojeni ya uchachu
inasubiri peku. Ikivivaa inageuka gesi:
mapovu madogo, kama ya mate ya mtoto.
Shaba yenyewe haiongezi wala haipunguzi. Kizingiti tu.
Na ndani ya bibo ayoni zinasogea, moja moja,
kusawazisha deni la upande huu na ule,
maana njia ya nje ikiwa wazi na ya ndani imezibwa
hakuna anayekwenda popote.
"Mmoja anapoteza, mwingine anapokea," alisema mwalimu.
"Kazi inafanyika njiani."

Bibo moja: mita ikasoma sifuri nukta tisa.
Halikuweza kuamsha hata kitochi cha kiberiti.
Tukayaunga, zinki ya hili kwa shaba ya lile, yote sita,
Nantumbwe ameziba dirisha kwa mgongo wake,
na kile kitochi, sisemi kiliwaka,
kilifumbua jicho. Jeupe, dogo,
la mgonjwa aliyekutambua.
Hata Chitanda alinyamaza.

Nyumbani baba aliuliza swali moja:
"Yatasema bei?"
Nikapiga hesabu. Volti zipo. Msukumo wa kutikisa spika haupo.
"Hapana," nikasema. "Bado."
Akacheka kwa pua, akapanda kugeuza betri zake juani.
Sikumwambia kwamba jua halirudishi zinki iliyokwenda,
linaiharakisha tu iliyobaki.

Baada ya wiki nilivichomoa vile vipande.
Shaba ilikuwa shaba, imetakata.
Zinki ilikuwa nyembamba, ina tundu jipya,
na kwa tundu lile nilichungulia uani
nikamwona baba amechuchumaa,
anapima korosho za mwisho
kwa bakuli la mtu mwingine.